Hakuulizwa

Mtoto wa Siwema alizikwa jana bila mama yake kumwona. Siwema alikuwa wodi ya wenyeji, mkono juu ya mshono wa tumbo uliowaka kama umetiwa pilipili, akimsikiliza dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, akifasiri maneno ya daktari Mwingereza.

"Anasema amekufunga kizazi. Hutazaa tena."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ulikuwa umelala, dada. Ulipewa dawa."

"Mume wangu yupo hapo Kariakoo, anauza nazi. Aliulizwa?"

Daktari akasema jambo huku akifuta miwani. Dresa akafasiri. "Anasema wanawake wa Kiafrika mnazaa ovyo. Amekusaidia."

"Muulize, na wake wa Kizungu kule hospitali yao huwafunga wakiwa usingizini?"

"Siwezi kumwambia hivyo, dada."

"Mwambie!"

Dresa akakusanya bandeji zake. Daktari akasogea kitanda cha pili, kwa binti aliyengoja kupasuliwa mchana ule. Akambonyeza tumbo bila hata salamu, kisha akamgeukia dresa na kuchezesha vidole viwili, kama mkasi.

Dresa akaitikia kwa kichwa. Binti hakuambiwa kitu.

Hasira ilimpanda Siwema mpaka utosini. Akashuka kitandani, damu ikichuruzika chini ya kaniki, akajikokota hadi mlangoni.

"Mdogo wangu," akamwita binti kwa sauti iliyofika barazani, "wanataka kukufunga kizazi! Usinuse dawa yao ya usingizi mpaka wakuulize, nawe uwajibu kwa kinywa chako!"

Machela ya kumbeba binti ilipoletwa, ilimkuta Siwema amesimama palepale, mikono ameikaza kwenye miimo ya mlango.