Ngoma ya Kasuku

Kasuku, ndege mwenye sauti tamu, aliajiriwa na Nyani mganga kunadi dawa ya miguu. "Inaondoa maumivu yote," alipaza sauti sokoni. Akifika kwenye "lakini hupofusha macho," alinong'ona huku akiitwanga ngoma. Moyoni alijiambia: Mungu ni shahidi, sikuficha neno.

Jioni moja alimkuta mama yake akipapasa mlango wa kiota.

"Nilisikia sauti yako, nikainywa ile dawa. Miguu imepona, mwanangu, ila sioni."

"Mama, habari ya macho niliitaja."

"Uliitaja lini?"

"Ngoma ilipokuwa ikilia."

Mama alimgeuzia sikio. "Basi itaje tena, baba, bila ngoma. Sasa nimebaki na masikio tu."