Mkono wa Kushoto wa Bi Mwanakombo

Siku hizi kila spika mjini hufuata pigo moja linalotumwa na jiji, na sauti yoyote inayochelewa hunyooshwa kabla haijatoka. Mimi nilidhani mtambo wa muziki wa kujiundia utaukwepa upuuzi huo. Nikajenga wangu juu ya meza ya jikoni, moduli ya besi, moduli ya matoazi, nyaya zimetapakaa kama tambi, ili kwenye harusi ya dada yangu ichezwe tekno, ule muziki wa mashine, yenye vugo la mama.

Mama yetu, Bi Mwanakombo, hupiga vugo, ile pembe ya nyati inayogongwa kwa kijiti harusini, na mkono wake wa kushoto huchelewa kidogo. Utamu wote uko hapo. Nikamrekodi, nikachomeka nyaya kwenye spika, nikawasha. Mapigo yakatoka yamenyooka kama rula.

"Huyo si mimi, mwanangu."

Nikazima kila kitu. "Basi tupigie mwenyewe, mama."

Akapiga. Mkono ukachelewa, machozi yakanilengalenga. Binti yangu Nasra, aliyezaliwa ndani ya pigo la jiji, akaziba masikio.

"Baba, bibi anakosea."

Mama akamtazama, akatabasamu, akaanza upya. Safari hii mkono haukuchelewa.