Kola ya Boksi la Biskuti

"Mutu wa kunikalisha nyuma ya ndege hajazaliwa!" Lévi alijigamba pale uwanjani Goma. Tiketi yake ilikuwa ya nyuma kabisa, jirani na choo. Lakini shingoni alivaa kola ya padri, aliyoikata mwenyewe kwenye boksi la biskuti.

Mama wa gishe, pale dirisha la tiketi, akainamisha kichwa. "Padri, wewe utakaa mbele. Bure."

Basi Lévi akanyoosha miguu kwenye kiti kipana kama kitanda, akajichekea, mpaka hotesi, dada wa kuhudumia abiria, akamwinamia: "Padri, tunaruka sasa. Utuombee."

Watu wote wa mbele wakafumba macho. Lévi alijua sala moja tu kwa kichwa. Akainua mkono. "Ee Bwana, bariki chakula hiki, na mikono iliyokipika..."

Jasho likalowesha kola. Ikajikunja, neno BISKUTI likatokeza nje.

Kwenye kiti cha pembeni, mama aliyejifunika kitenge hadi usoni akakishusha. Alikuwa mama mzazi wa mchumba wa Lévi.

"Amina, Padri," akasema, akibana kicheko. "Sasa ile mbuzi uliyoniletea Jumapili ya kumuposa mutoto wangu, kumbe ilikuwa sadaka?"