Koki ya Hita

Kwa miaka kumi na miwili, kila asubuhi ya ukungu, Sekela alikaa kushoto kwa mumewe akimpangusia kioo cha mbele upande wa dereva kwa kitambaa. Ambakisye alimwambia hita ya gari lile kuukuu ilishakufa, haina dawa. Leo Sekela aliliendesha mwenyewe hadi gereji, amtengenezee bila yeye kujua.

Fundi Lwitiko aliinua boneti, akacheka.

"Mama, hita nzima hii. Maji ya moto ya injini yanaingia kwenye rejeta ndogo chini ya dashibodi, feni inapuliza joto kiooni. Ni koki tu imefungwa."

"Labda imeshika kutu."

Fundi aliizungusha kwa vidole viwili. "Ina grisi mbichi. Mzee huja kuifungua kila Jumamosi akiwa na mwanenu. Kifua cha mtoto kimepona?"

Sekela alimtazama. Nyumbani kwao hakujawahi kulia mtoto.

"Kimepona," alijibu.

Akaingia garini, akaketi kwenye kiti chake cha kila siku. Pumzi zake zilikifunika kioo kwa mvuke, na pale pembeni kushoto, ambapo kitambaa chake hakikuwahi kufika, ikajitokeza alama ya kiganja kidogo, vidole vyote vitano vimetanuliwa.

Fundi akawasha injini na feni. Joto likaanza kupanda kutoka chini ya kioo, likiufuta mvuke taratibu. Lilipokaribia kile kiganja, Sekela akazima feni, akainama, akakipulizia kioo pumzi.