Ndoo Mlangoni

Mpiga picha alilala kifudifudi kwenye nyasi. Ufa wa ukuta, bati lenye kutu, mlango uliopinda, vyote vilikaa sawasawa kwenye kamera. Kasoro ilikuwa moja tu, ndoo ya bluu mlangoni.

"Bibi, samahani," alimwambia mama mzee aliyesimama kando, akidhani ni mpita njia. "Nisogezee hiyo ndoo. Inaniharibia gofu langu."

Bibi akaibeba ndoo, akaingia nayo ndani.

Kumbe kunaishi mtu! Uso ukamshuka mpiga picha.

Bibi alitoka amevaa gauni la kutokea, mikunjo ya sandukuni bado inaonekana. Akasimama mlangoni, katikati kabisa, akaiweka sawa kola yake.

"Haya, mjukuu wangu, piga. Au na mimi naliharibu gofu?"