Jibu ni Kitunguu

“Kitendawili!” nilimwambia mjukuu wangu Nyanjige huku namenya kitunguu.

“Tega, bibi!”

“Nimemvua nguo yeye, nimelia mimi.”

Alicheka. Tangu homa imshike hakuwa amecheka. Nikatia karoti na kabichi, nikapuliza kuni mbichi mpaka macho yakawaka.

Nilikuwa nampa Nyanjige bakuli la supu, mama yake alipoingia, akanitazama usoni.

“Macho mekundu! Watu wanasema unamroga mwanangu, mimi nawabishia!”

Alimpokonya mtoto bakuli, akamwaga supu yote uani.

“Mama, ni kitunguu!” Nyanjige alilia. “Jibu ni kitunguu!”

Kuku wakakimbilia karoti.

Mkamwana wangu hakuwafukuza. Alimbeba mtoto, akasimama mlangoni kuona kama watakufa.

Hata mimi nikawatazama.