Mlio wa Mtutu

Fundi bunduki aliutundika mtutu wa tatu kwa uzi, akaugonga kwa ukucha. Ile miwili ya kwanza ililia kama kengele. Huu ulitoa mlio mzito, kama chungu chenye ufa.

"Shemeji, unakagua bunduki au unawamba ngoma?" mwenye duka alitania. "Ni mpya zote, nimeziagiza mwenyewe kwa bei ya chini. Zigonge muhuri wa ukaguzi, walinzi wanazitaka kesho."

"Rahisi huvunja upishi. Hii itavunja uso wa mtu."

"Moja tu hiyo! Ukizizuia, dada yako atalia njaa."

Fundi alipapasa chuma taratibu, ufa mwembamba kama unywele ukakwaruza kidole chake. Akauweka muhuri kabatini, akalifunga, akatundika mtutu wa nne.

"Waambie kesho waende lindoni na marungu. Sijamaliza."